Fizikia kwa Anayejisomea (4): Hesabu za Laini ya Inga na Kolwezi

Tangu Benki ya Dunia ilipoidhinisha, Juni 2025, dola milioni 250 za mwanzo kati ya bilioni moja za kuandaa bwawa la umeme la Inga 3, Kolwezi imerudia ugomvi wake wa zamani. Nenda Manika, nenda Dilala, panda pikipiki ya abiria, utaelezwa yale yale: umeme wa Inga ulivutwa hadi kwetu ili Kinshasa ishike swichi ya Katanga, na vijiji vya Kasai vikaachwa gizani makusudi huku waya ukipita juu yao. Mwingine atabisha kwamba umeme wa laini ile hauchotwi njiani, ndiyo asili yake. Wote wawili wanapaza sauti, na hakuna aliyeshika kalamu.

Ugomvi huo umekuja wakati mzuri. Baada ya sehemu ya tatu, wasomaji kadhaa, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na mafundi wa migodini, wameniandikia kwamba wanaunda kikundi cha WhatsApp cha kujisomea fizikia na hesabu za uhandisi. Wanauliza waanze na nini. Nawajibu: anzeni na laini hiyo hiyo. Sheria ya Ohm tumekwisha kuimaliza, nguvu ya umeme na kosaini pia. Leo tuzitie kazini.

Lakini historia kwanza, maana hesabu isiyojua ilikotoka huishia kuwa mchezo wa tarakimu. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, haikungoja umeme wa mbali. Ilijenga kituo cha umeme cha Mwadingusha kwenye mto Lufira mwaka 1930, kisha ikaugeukia Lualaba: Nzilo mwaka 1952, megawati 108, na N'Seke mwaka 1956, megawati 248. Maporomoko yaliyokuwa jirani na shaba ndiyo yaliyoyeyusha shaba. Januari 1967 serikali ikaitaifisha kampuni, ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines. Mwaka 1972 Inga ya kwanza ikawaka, na mwaka uliofuata ikaanza kazi ya kuvuta waya wa kilomita 1,700 hadi Kolwezi. Bei ya shaba ikaporomoka mwaka 1974. Vita vya Mei 1978 vikawaondoa Kolwezi wageni waliokuwa wakijenga. Laini ikakamilika mwaka 1982, ndefu kuliko zote duniani wakati ule, ikiwa na uwezo wa megawati 560. Miaka minne baadaye Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1994 ilifikia kama 30,000 tu. Umeme ulifika, shaba ikaondoka. Katika miaka hiyo ya njaa watu walifungua hata vyuma vya minara wakaviuza.

Sasa kalamu. Laini ina ncha mbili, moja ya volti 500,000 chanya na nyingine ya 500,000 hasi. Mmoja wa walioniandikia alinitumia picha ya daftari lake: amegawa wati milioni 560 kwa volti 500,000, akapata ampea 1,120, akazungushia duara jekundu kwa furaha. Kosa lake ni zuri kwa sababu linafundisha. Kati ya chanya 500,000 na hasi 500,000 pana volti milioni moja, kwa hiyo mkondo ni ampea 560. Tuseme, kwa ajili ya zoezi, ukinzani wa waya kwenda na kurudi ni ohm 50. Zidisha 560 kwa 560, kisha kwa 50: megawati 15.68 hupotea kwa joto, chini ya asilimia tatu. Sasa punguza volti mara kumi, umeme ubaki ule ule. Mkondo unakuwa ampea 5,600, na upotevu unapanda mara mia moja hadi megawati 1,568, karibu mara tatu ya umeme tuliotaka kusafirisha. Haiwezekani. Volti kubwa basi haikuwa anasa ya Rais Mobutu. Umbali wenyewe uliidai.

Laini hiyo hubeba mkondo mnyoofu, ule usiobadili mwelekeo. Kwa nini hawakutumia mkondo geu kama ule unaofika kwenye nyumba zetu? Hapa inanibidi nimtaje mtu ninayempenda kuliko maprofesa wote, ingawa yeye hakuwa profesa.

Oliver Heaviside alizaliwa London mwaka 1850, mtoto wa familia maskini, masikio yakiwa yameharibiwa na homa. Shule aliiacha akiwa na miaka 16, akawa mwendeshaji wa telegrafu. Mwaka 1873 alikiona kitabu kipya cha Maxwell juu ya umeme na sumaku, hakukielewa, akaapa atakielewa. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 24, aliacha kazi, akarudi kwa wazazi wake, akajifungia chumbani. Chakula kiliachwa mlangoni. Yale Maxwell aliyoyaeleza kwa milinganyo 20, Heaviside aliyafupisha kwa vekta yakabaki manne, na ndiyo manne yanayofundishwa leo Lubumbashi na Tokyo. Alionyesha pia jinsi umeme unavyosafiri kama wimbi ndani ya waya mrefu. Mkuu wa mafundi wa Posta ya Uingereza, William Preece, alimpuuza na kuyazuia maandishi yake. Preece alikuwa na cheo, Heaviside alikuwa na hesabu sahihi. Historia imekwisha kuamua.

Vijana wetu hupenda sehemu ya chumba kilichofungwa, wakadhani kujisomea ni kujitenga. Si kweli. Kaka yake Arthur alikuwa mhandisi wa telegrafu, akimletea maswali ya kazini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 aliandikiana barua na FitzGerald wa Dublin, Lodge wa Liverpool na Hertz kule Ujerumani. Walionana kwa nadra, tena wengine hawakuonana kabisa, lakini kila mmoja aliisahihisha hesabu ya mwenzake kwa wino na stempu. Kikundi mnachokiunda leo kwa mega chache, wao walikiunda kwa barua za posta.

Turudi kwenye laini. Wimbi la mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 6,000. Kilomita 1,700 ni zaidi ya robo ya wimbi: nyuzi 102. Kwa hesabu ya Heaviside, laini isiyo na mzigo mwishoni hupata volti ya kuanzia iliyogawanywa kwa kosaini ya pembe hiyo. Kosaini ya nyuzi 102 ni hasi 0.208. Volti ya Kolwezi ingekuwa karibu mara tano ya ile ya Inga, tena imepinduka. Hakuna kihami kinachostahimili. Kuvuka nchi kwa mruko mmoja wa mkondo geu, maumbile yenyewe yalikataa.

Mkondo mnyoofu hauna tatizo hilo, ila una lake. Transfoma huishi kwa mabadiliko. Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831. Mkondo uliotulia huzaa sumaku iliyotulia, na koili ya pili haipati kitu. Ndiyo maana kijiji hakiwezi kuning'iniza transfoma chini ya waya ule. Kinahitaji kituo kizima cha kugeuza umeme, kama kile kilichopo Kolwezi. Hapo yule mbishi wa pili anaona ameshinda. Hajashinda. Laini ya mkondo mnyoofu ya Sardinia kwenda Italia hupita kisiwa cha Corsica, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kilijengwa huko kituo cha kati, Corsica ikachota umeme. Kwa hiyo njiani huchotwa, mwenye fedha akiamua. Kasai hakuna aliyeamua. Tena, maporomoko ya Lualaba hayakuwa yameisha mwaka 1973: Busanga, megawati 240, umejengwa katika miaka hii ya karibuni, nusu karne baadaye.

Hesabu haisomi mioyo ya watawala. Kama Kinshasa ilitaka swichi, kosaini haitatwambia. Lakini hututenganishia mambo mawili ambayo wanasiasa hupenda kuyachanganya: lililokatazwa na maumbile na lililoamuliwa na watu. La kwanza tulikubali. La pili tuna haki ya kulihoji, na asiyejua hesabu atadanganywa katika yote mawili. Inga 3 inakuja na michoro, mikopo na ahadi zake. Nani hapa jimboni Lualaba ataisoma? Diploma iliyopatikana kwa kununua pointi haitaisoma.

Nafasi inakwisha, na kikundi chenu bado sijakihudumia. Msizidi wanane, kundi la watu 200 ni soko. Chagueni kitabu kimoja mkimalize. Mazoezi ya bure ya hesabu kwa Kifaransa, pamoja na majibu, yapo Exo7 ya Lille. Majaribio ya fizikia ya kuchezea kwenye skrini yapo PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, nayo hufanya kazi bila mtandao mkishayapakua. Pakueni usiku, maana SNEL, shirika letu la umeme, haina miadi. Kila wiki mmoja afundishe, wengine waulize. Jibu lisitumwe tupu: tuma picha ya karatasi yenye mwandiko wako, na makosa yakiwemo, kama alivyofanya yule wa ampea 1,120. Someni kwa Kifaransa cha kitabu, elezaneni kwa Kiswahili; mkishindwa kulieleza jambo kwa Kiswahili, bado hamjalielewa. Wachekeshaji na wasambazaji wa video, waombeni watoke kwa adabu.

Zoezi la wiki: laini ile ile ya kilomita 1,700, sasa kwa mkondo geu, igaweni vipande vinne sawa, kila kiungo kikiwa na kituo kinachorudisha volti mahali pake. Tafuteni pembe ya kila kipande, kosaini yake, na volti hupanda kwa asilimia ngapi. Kisha andikeni sentensi moja: je, vituo vitatu vya kati, ambavyo vingeweza pia kuwasha taa njiani, vilikatazwa na maumbile? Wiki ijayo, namba changamano.