Kitenzi "run" si kukimbia tu

Kitenzi cha Kiingereza "run" hufundishwa mapema kuwa ni kukimbia. Lakini maana yake hufuata maneno yanayoandamana nacho. Kikisemwa juu ya mto, ni kutiririka. Juu ya mashine, ni kufanya kazi. "Run a shop" ni kuendesha duka. "Run for president" ni kugombea urais. Sentensi "He runs the country" humaanisha anaongoza nchi. Mwanafunzi akiandika "anakimbia nchi", amemgeuza kiongozi kuwa mkimbizi.

Kiswahili nacho kina "piga": tunapiga simu, pasi, picha na hodi, wala hakuna anayeumia. Basi, kabla ya kutafsiri "run", tuulize kwanza: mtenda ni nani, na mtendwa ni nini?