Mashua ya Alumini Iliyozeeka, na Namna ya Kuiziba

Watu wa mwambao, waliozoea majahazi na mashua za mbao ambazo hupwelezwa mchangani zikatiwa kalafati ya pamba na kupakwa deheni, huenda wakastaajabu kusikia kwamba katika maziwa na mito ya Marekani na Kanada viko vyombo vingi vya bati la alumini, vyenye umri wa miaka 50 au 60, ambavyo havijapata kutiwa pamba wala deheni, navyo vingali vikielea. Asili yake ni vita. Mwaka 1944 William Hoffman, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya Grumman iliyokuwa ikiunda ndege za kivita huko New York, alikwenda matembezini katika milima ya Adirondack, akataabika kuubeba mtumbwi wake wa mbao na turubai. Akawaza kwamba bati lile lile la ndege lingeweza kufanya mtumbwi mwepesi zaidi, na mwaka 1945, haja ya ndege ilipopungua, mitumbwi hiyo ikaanza kuuzwa. Kwa hiyo anayekarabati chombo cha namna hii anashika, kwa hakika, kazi ya mafundi wa ndege: mabati membamba yaliyolazwa ukingo juu ya ukingo, yakafungwa kwa ribiti mamia kwa mamia, kama mitepe ya Lamu ilivyoshonwa zamani kwa kamba za nazi.

Alumini haishiki kutu nyekundu ya chuma. Ikiguswa na hewa tu, hufanyika juu yake utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, na utando huo ndio ngao yake. Ukikwaruzwa, hujirudisha wenyewe. Maji matamu, basi, si hasimu yake. Kinachoidhuru kwanza ni uchafu uliolowa ukatuama: majani yaliyooza, matope, na sifongo nyepesi iliyojazwa chini ya viti ili chombo kisizame, ambayo ikishanywa maji hulinyima bati hewa, utando ukashindwa kujirudisha, na bati likaliwa vishimo vishimo vyenye unga mweupe. La pili, nalo ni ovu zaidi, ni suhuba ya madini mengine. Shaba na alumini zikigusana mahali penye maji, hasa maji ya chumvi, hupita baina yao mkondo mdogo wa umeme, nayo alumini ndiyo inayoliwa. Senti ya Kimarekani iliyopigwa kabla ya 1982, ambayo takriban yote ilikuwa shaba, ikidondoka katika ngama na kusahauliwa humo, yaweza kutoboa chombo. Hali kadhalika mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia uozo, kwa kuwa nyingi dawa yake ina shaba ndani yake. Na wako wenye vyombo ambao huzinunua kwa bei kubwa na kuzitandika sakafuni, wakidhani wamefanya la busara, kumbe wamemlaza adui chomboni.

Nimetanguliza maelezo hayo kwa sababu wengi, waonapo maji ndani ya mashua, hukimbilia kopo la gundi na kuimimina kote, kisha mwaka wa pili hurudi palepale. Lililo bora ni kuondoa kwanza viti, sakafu na sifongo yote iliyolowa, kukiosha chombo mpaka mataruma yaonekane wazi, halafu kukiegemeza vyema juu ya magogo na kukijaza maji kwa ndani, kidogo kidogo, mtu akitazama kwa nje ni ribiti ipi inayotoa tone. Maji yasipite kiasi, kwani lita 500 ni kilo 500, na bati bovu laweza kupinda kwa mzigo huo. Kila tone litiwe alama ya chaki. Kalamu ya risasi isitumiwe kabisa, kwa maana ile risasi yake ni grafaiti, nayo huila alumini kama ifanyavyo shaba, na mafundi wa ndege wamekatazwa kuandikia nayo.

Ribiti iliyolegea hukazwa na watu wawili: mmoja kwa ndani hushikilia kipande kizito cha chuma dhidi ya mkia wa ribiti, na wa pili hugonga kichwa chake kwa nje. Kazi hiyo haitaki nguvu, yataka wawili waliozoeana. Iliyolika hutolewa kwa keekee na kutiwa nyingine nzima iliyo nene kidogo. Zile ribiti za mkono zenye tundu katikati, ambazo duka lolote huziuza, huvujia katika tundu lake, isipokuwa aina iliyofumbwa mwisho.

Hapo ndipo gundi inapokuwa na maana. Gundi ya kale hukwanguliwa kwa kijiti kigumu, bati likasuguliwa kwa msasa, wala si kwa brashi ya waya wa chuma, ambayo huacha chembe zake zikashika kutu. Kisha chombo huachwa juani kipate joto, ili gundi ya maji maji iwe nyepesi na kujipenyeza vyema katika maungo. Nyufa ndefu ni za mchomeleaji hodari, kwani alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali utando wake hautayeyuka kabla ya nyuzi 2,000 kupita, na fundi asiye mjuzi hutoboa tundu kubwa kuliko alilokuja kuziba.

Ama rangi, katika maji matamu ni pambo tu. Akitaka mwenyewe kupaka, apake rangi ya msingi iliyofanywa kwa ajili ya alumini, saa chache baada ya msasa, na aziepuke zile rangi za kuzuia magugu na chaza zilizo na shaba. Chombo kitakachokaa katika maji ya chumvi hufungiwa kipande cha zinki chini, ili zinki iliwe badala yake, na kipande hicho hakipakwi rangi kamwe, kwa maana kikifunikwa hakifanyi kazi.