Fahamu: Utoaji mimba na mama anayelea peke yake katika filamu

Suala ni lipi?
Ni namna filamu zinavyowaonyesha wanawake ambao jamii huwahukumu upesi. Katika *Lingui* (2021) ya Mahamat-Saleh Haroun wa Chad, Amina, anayelea peke yake, anamsaidia bintiye wa miaka 15 kutoa mimba.

Na Somalia?
*The Village Next to Paradise* (2024) ya Mo Harawe inamwonyesha Araweelo, mtalaka anayetafuta mtaji wa duka la kushonea.

Sheria ilisemaje?
Katiba ya Muda ya Somalia ya 2012, kifungu cha 15, ilikataza kutoa mimba isipokuwa kwa dharura, hasa kuokoa uhai wa mama.

Kwa nini ni muhimu?
Katika mji wa Kismayo, Somalia, na visiwani kwa Wabajuni, kama kwingine pwani, aibu hufunga midomo. Kumjadili mhusika wa filamu huiwezesha familia kuzungumza bila kumfedhehesha jirani.