Kazi ya Usiku Isipofanyika, Nani Atakuamsha?

Tuseme unauza samaki Liwatoni. Mauzo ya jana yote yalipita kwa namba yako ya tili, na alfajiri hii unataka kuwahi mzigo kabla wenzako hawajamaliza nguru wazuri. Saa kumi na moja unafungua simu, unakuta salio la benki ni lile lile la jana. Pesa hazijapotea, ziko kwetu. Lakini huna cha kumpa mvuvi, na mvuvi hawezi kukaa na samaki akingojea benki.

Siku kama hiyo wateja hutuuliza, "Kwani nyinyi hamkuona?" Ni swali la haki. Kuna siku kweli hatukuona, na hapa tunaeleza ilikuwaje, halafu tukuonyeshe vile unaweza kujiwekea kengele yako mwenyewe.

Kila usiku baada ya saa sita, programu yetu hufunga hesabu za siku. Inakusanya malipo ya kila tili, inatoa ada, inalinganisha na rekodi za waliolipa, kisha inatayarisha faili ya kupeleka benki. Hakuna mtu anayekaa kuitazama. Inaanzishwa na saa ya mashine, na mafundi wako nyumbani wamelala.

Zamani tulikuwa na kengele moja tu: programu ikikwama, fundi wa zamu atumiwe meseji. Tuliona inatosha. Kumbe siyo. Usiku mmoja data ya mauzo ilichelewa kufika. Programu ikaanza kwa wakati wake, ikakuta faili tupu, ikajumlisha sifuri, ikaandika "imekamilika" na kunyamaza. Haikukwama, kwa hivyo kengele haikulia. Sisi tuliambiwa na wateja, saa moja na nusu asubuhi, na wengine hawakutumia maneno mazuri.

Tangu hapo tumegeuza mambo. Sasa kazi ikimalizika vizuri, lazima itume ishara kwa mtambo mwingine ulio kando. Ishara isipofika kufikia saa tisa na nusu usiku, mtambo huo unapiga simu ya fundi wenyewe. Wazo hili si letu. Madereva wa treni wanalijua zamani. Dereva hukanyaga au kushikilia kifaa fulani, na akikiachilia, labda amezimia, breki zinajifunga. Haingojwi aombe msaada.

Tena ishara peke yake haitoshi, maana hata ile faili tupu ingeweza kutuma ishara. Kwa hivyo programu sasa inaulizwa pia: umehesabu malipo mangapi? Jumla iliyoingia ni sawa na jumla inayotoka, ukiongeza ada? Data uliyotumia ni ya jana au ya juzi? Jibu moja likiwa na kasoro, fundi anaamshwa.

Hiyo ni upande wetu. Wewe huhitaji kujua mitambo. Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa Januari 2021, lilikuwa na sehemu ya katikati inayofunguka kupisha meli. Mtu wa kwenda Likoni hakujali inafungukaje. Alitaka kujua kama njia iko wazi kabla hajafika pale. Kengele yako ya pesa ni hivyo hivyo.

Fungua programu yetu, ingia Biashara, halafu Arifa, uchague "Malipo hayajafika". Utaulizwa saa. Hapa watu wengi hukosea, kwa hivyo soma pole pole: mashine inatumia saa za kizungu. Ukitaka kujulishwa saa kumi alfajiri, andika 04:00. Ukiandika 10:00, meseji itakuja saa nne asubuhi, na samaki wamekwisha nunuliwa. Usicheke, hata mafundi hupatikana. Seva nyingi duniani hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, na kazi iliyopangwa saa sita usiku bila kuangalia hilo huanza saa tisa.

Halafu utaulizwa kiasi: tukujulishe kama malipo ya usiku yamepungua chini ya shilingi ngapi? Tunashauri usiweke kiwango kimoja cha mwaka mzima. Wakati wa kaskazi bahari imetulia na mauzo ni makubwa. Kusi ikivuma, ngalawa nyingi hazitoki. Kiwango cha Januari kitakupigia kelele kila siku mwezi wa Juni, na ukishazoea kelele utaacha kusoma, hata siku ambayo kweli kuna shida. Afadhali uchague "linganisha na wiki zilizopita", ambapo Ijumaa inapimwa kwa Ijumaa. Ramadhani ikiingia, kagua tena, maana biashara nyingi huhamia jioni.

Unaweza kuongeza namba ya pili, ya mtu anayeshika duka ukiwa haupo. Mbili zinatosha. Kengele ikipelekwa kwa watu sita, kila mmoja hudhani mwenzake ameshughulikia.

Meseji ya arifa itakuambia tu kwamba malipo ya usiku hayajafika au yamepungua. Haina kiungo cha kubonyeza, wala haiombi namba yako ya siri. Ikiomba, si yetu, ifute. Ukipata arifa ya kweli, usimrudishie mteja pesa wala usimwambie alipe mara ya pili. Fungua programu uangalie mauzo ya jana: kama yanaonekana, pesa ziko na kazi imechelewa tu. Kama hayaonekani, tupigie hapo hapo, fundi wa zamu yuko macho.

Na kabla hujalala leo, weka arifa ya majaribio ya dakika kumi zijazo uone kama simu inalia. Wengi wetu huzima sauti usiku.