Dawa ya Uvimbe na Uzazi wa Fahali

Iko desturi moja kwa wafugaji ambayo twaiona si ya haki. Ng'ombe jike asiposhika mimba, watu husema, "Huyu ni tasa," naye hupelekwa kwa mchinjaji. Fahali haulizwi neno. Lakini pengine kosa si la jike, wala si la asili ya fahali, bali latoka katika dawa aliyochomwa.

Dawa hiyo huitwa deksamethasoni. Fahali akivimba goti na kuchechemea, huchomwa sindano, uvimbe ukapungua, akatembea. Kazi hiyo ni njema. Basi, yawezaje kugusa uzazi?

Chini ya ubongo wa fahali iko tezi ndogo itoayo homoni iitwayo LH. Hiyo ni kama mjumbe: hupita katika damu hata korodani, na ikifika, korodani hutengeneza testosteroni, ambayo humpa dume hamu ya kupanda na kuzistawisha mbegu zake. Deksamethasoni nayo yafanana na homoni itolewayo na tezi zilizo juu ya figo wakati wa taabu. Ikizidi mwilini, ubongo huiona kama dalili ya taabu kubwa, na mjumbe hatumwi kama kwanza. Mwaka 1976 wataalamu walieleza kwamba mafahali vijana waliopewa dawa hii walipungukiwa na LH na testosteroni pia.

Tuangalie na hesabu ya siku. Mbegu ya fahali hutengenezwa kwa muda wa siku 61 hivi, kisha hukaa siku kadhaa ikikomaa. Kwa hiyo dhara la leo laweza kuonekana baada ya miezi miwili, wakati mwenye ng'ombe amekwisha kuisahau sindano. Ndipo jike ahukumiwapo bure. Na hatari huzidi dawa ikichomwa mara kwa mara. Tena jike mwenye mimba kubwa asichomwe dawa hii ovyo, maana yaweza kuitoa mimba.

Hatusemi dawa itupwe. Homa na maumivu yasiyotibiwa nayo huharibu uzazi wa dume. Twasema hivi: sindano isichomwe kwa kubahatisha. Bwana mifugo aambiwe mapema kwamba fahali huyu ni wa kuzalisha, maana ziko dawa za uvimbe za jamii nyingine, kama meloksikamu. Aulizwe pia nyama, na maziwa kama ni jike, zikae siku ngapi kabla ya kuliwa. Kisha jina la dawa na tarehe viandikwe daftarini. Walimu waweza kuwazoeza watoto kazi hiyo, nayo itawafaa nyumbani kwao.

Jike akikosa ndama, tulifungue daftari la fahali kwanza, kabla hatujamwita mchinjaji.