Nane Iliyonitoa Jasho Elburgon

Sisi watu wa pwani tumekulia kando ya karata. Majina ya kopa, uru, shupaza na pau tuliyapata kwa Wareno, na hata turufu ni neno lao. Nyumbani kwetu tulicheza wahedi wasitini: ree ina thamani ya 11, saba 10, jumla yote 120, na mwenye kufikisha 61 ndiye mshindi. Nane hatukuwa na haja nayo. Tuliitoa kabla ya kugawa, watoto wakaichezea uani.

Basi nilipofuatana na lori la mbao hadi Elburgon, sikujua kwamba karata hiyo hiyo ndiyo itakayoniaibisha. Mji huo uko juu huko kando ya msitu wa Mau, kwenye reli ya kwenda Kisumu, na baridi yake si ya mtu aliyezoea kikoi. Mvua ikazuia kupakia. Wapasuaji mbao walikuwa kibandani wakicheza kadi, ule mchezo ambao Wakenya wengi huuita poka ingawa hauna udugu na poka ya Wamarekani. Wakanisogezea kigogo nikakaa.

Kila mtu hupewa karata nne, na ashindaye ni yule anayezimaliza. Unafuata aina au namba ya karata iliyo juu. Mbili humwokotesha jirani yako karata mbili, tatu humwokotesha tatu. Ree huzuia adhabu hiyo au huagiza aina. Gulamu humruka mtu. Mzungu mwenye taji hugeuza mzunguko. Nane na bibi ni maswali. Atupaye swali hulijibu mwenyewe papo hapo kwa karata ya aina ile ile, akikosa huokota. Tena huwezi kumaliza kwa karata zenye kazi. Ya mwisho sharti iwe 4, 5, 6, 7, 9 au 10, na zamu iliyotangulia uwe umekwisha kutamka, "Niko kadi."

Mimi nane nikaiona mzigo. Kila nilipoipata niliitupa, nikaokota, nikashindwa mara tatu. Kijana aliyekaa mkono wangu wa kushoto alikuwa akizificha zake, na siri yake niliijua nilipoacha kuzungumza nikamtazama. Kumbe swali hujibiwa kwa swali! Nane ya kopa hufuatwa na bibi wa kopa, naye hufuatwa na bibi wa shupaza, kisha nane ya shupaza, na sita ya shupaza ikafunga kazi. Karata tano kwa zamu moja.

Lakini mkono huo hujengwa kuanzia nyuma. Kwanza ushike jibu, hiyo sita duni, ndipo uyafunge maswali mbele yake. Karata za kawaida ni 24 katika 52, ila kila aina ina sita tu, na nyingine zimekwisha kutupwa. Na uzuri wa zile nne ni kwamba mlolongo wake wageuzika: juu pakiwa na shupaza, unaanza na bibi wa shupaza, wa kopa, nane ya kopa, ya shupaza, na sita iko pale pale inakungoja. Hatari ni kungoja mno. Jirani akikutupia tatu, au mwingine akimaliza, umebaki na mkono uliojaa maswali.

Mchezo wa nne nikatamka, "Niko kadi," nina karata tano mkononi. Walicheka sana. Zamu iliponirudia juu palikuwa na tisa ya kopa. Nikazipanga zote mezani, moja baada ya moja, na kicheko kikakatika.

Hapo ndipo kikombe cha chai kiliponijia. "Mzee, hiyo ni ya mshindi," akasema yule kijana. Kumbe aliyeshindwa ndiye hulipa, naye alikuwa ni yeye. Saa moja nyuma alikuwa amenieleza jinsi marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 ilivyonyamazisha misumeno, wakakaa na karata mchana kutwa bila ujira. Msomaji wajua Sura ya al-Maida imeweka wapi kamari: jirani ya ulevi. Wako masheikh wasiokubali karata hata bila ya kitu, nami siwabishii. Lakini chai ya jasho la aliyeshindwa, hiyo haikuhitaji sheikh.

Nikatoa pesa nilipie vikombe vyote. Nilidhani nimefanya vyema. Kijana akakunja uso. "Mzee, kwani sisi ni maskini kiasi hicho?"

Nikamweleza pole pole kwamba dini yangu ndiyo inayonizuia, si umaskini wa mtu. Akafikiri kidogo, akakinywa kile kikombe mwenyewe, na pesa zangu akanirudishia zote isipokuwa za chai yangu. Kisha akazichanganya karata, akauliza kama nacheza bure. Nikasema nacheza. Mvua ilikuwa bado. Akanigawia nne, na ya kwanza kuigeuza ilikuwa nane ya uru.