Ordinateri inakataa kulala: nani anaiamsha usiku?

Unafunga ordinateri yako saa tatu za usiku, batri iko na 80 kwa mia. Asubuhi unaifungua: imezimika kabisa, ao iko moto ndani ya sakoshi. Kwa mwanafunzi wa Bukavu ao Uvira anayeandika TFC, siku ambayo umeme haukufika ku avenue, ile ni kazi ya siku nzima imepotea. Na kama ilikuwa inachukua intaneti ku telefone, hata mega zimeisha.

Wengi wanasema batri imekufa, wanakimbilia kununua ingine. Ngojeni kwanza. Mara nyingi batri haina kosa, kuko kitu kinachoamsha mashine.

Katika hali ya kulala, ile Windows ya Kifaransa inaita veille, ekrani inazimika lakini memoire inaendelea kula umeme kidogo. Souris ikitikisika, karti ya rezo ikipokea ujumbe, ao saa ya mise à jour ikifika, mashine inaamuka. Usibahatishe, uliza mashine yenyewe. Fungua Invite de commandes kama administrateur, andika powercfg /lastwake. Itakuonyesha kitu kilichoiamsha mara ya mwisho. Ukiandika powercfg /requests, utaona programu inayoizuia kulala, kwa mfano ile inayocheza muziki.

Kama mukosefu ni souris ao karti ya rezo, ingia ndani ya Gestionnaire de périphériques, bonyeza mara mbili ku jina lake, kisha Gestion de l'alimentation. Toa alama pale wameandika kwamba kinaruhusiwa kutoa ordinateri ku veille. Klavie uiachie ruhusa yake, utaihitaji kwa kuamsha mashine. Kama ni saa za mise à jour, nenda ku Options d'alimentation, paramètres avancés, Veille, ukatae minuteurs de sortie de veille. Na kwa kulinda mega, weka Wi-Fi ya telefone kuwa connexion limitée.

Kuko mashine mupya zinazolala kama telefone: ekrani nyeusi, lakini ndani kazi inaendelea. Andika powercfg /a. Ukiona S0 kati ya zile hali zinazopatikana, yako ni ya namna ile, na kuondoa ruhusa peke yake kunaweza kukosa kutosha.

Kwa hizo, na kusema kweli kwa kila mutu anayeishi na délestage, mimi ningechagua veille prolongée. Mashine inaandika kila kitu ku disque, kisha inazimika. Batri ikiisha ao ikitolewa, maandishi yako inabakia. Kama hauioni, andika powercfg /hibernate on, kisha ku Options d'alimentation uichague kwa wakati unafunga kifuniko. Kuamuka kutachukua sekunde kadhaa zaidi, hasa kama disque ni ya zamani.